Majani Yenye Magoti

Asubuhi hii nilikuwa nikifyeka nyuma ya nyumba, harufu ya mmea mmoja ikanipanda puani kama pilipili mbichi. Shina lake lina magoti, na kila goti limevaa ngozi nyembamba kama soksi.

Utotoni, hapa Kamina, mimi, mama na mdogo wangu tulikuwa bondeni tukiopoa mihogo iliyolowekwa. Ghafla mdogo wangu alilia, mate ya kijani yakimtoka. Mama aliangusha beseni.

"Alikula nini?"

"Ile majani ya maua meupe," nilisema. "Iko mukali tu, mama. Miye nilisha kuikula."

"Weye uliijua namna gani?"

Nilimwonyesha mimea miwili yenye soksi zilezile, ndugu kabisa. Wa maua ya rangi ya waridi hauchomi. Wa maua meupe nikautafuna mbele yake. Mama aliitazama midomo yangu muda mrefu, kisha akatafuna naye, akatema, akacheka huku machozi yakimtoka. Mdogo wangu akanyamaza kwa mshangao.

Kabla ya siku hiyo, mama hakuwa amewahi kuniuliza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Sasa alikunja kitenge, akaingia topeni, akanyoosha kidole.

"Na ile kule ya majani mukubwa, iko ndugu yabo?"

"Sijui," nilisema, tukaenda kuiangalia.