Simba Niliyemnyima Mama

Katika basi la kwenda mbugani kutazama wanyama tulikuwa mama, mdogo wangu Wanjiku, Kamau aliyekuwa bado ananyonya, na mimi. Tangu tuondoke mtaani kwetu Jericho, mama alisema anataka kuona simba tu. Kamau akanitapikia maziwa kwenye gauni jipya. Mama akambembeleza yeye. Nilifura. Wengine walipokimbilia upande wa pili kushangilia twiga, nikamwona simba kichakani, karibu na dirisha langu.

“Mami, kuna nini huko?” mama aliniuliza kwa jina alilozoea kuniitia, Kamau amemlalia.

“Nyasi tu.”

Nilidhani hanipendi, kumbe kiti cha dirishani alikuwa amejinyima yeye ili nikae mimi.

Juzi Kamau, ambaye sasa ni mwanafunzi, akijiandaa kwa safari ya shule huko huko mbugani, aliuliza, “Dada, mama aliwahi kuona simba?”

“Funga viatu!” nilimfokea.

Tangu mama afariki nimeacha shule, nimewafulia watu nguo, nimewalea wote wawili. Simba wake bado sijamlipa.