Kisu cha Kuwahi

Gulioni Nanganga, Awadhi alikunja na kukunjua visu vya mfukoni kimoja kimoja, mpaka muuzaji akakereka. Makali hakuyagusa.

"Mzee, chukua hiki cha mpini wa mbao, ni imara."

Kilikuwa kizuri, ila kigumu kufunguka. Awadhi akakirudisha. Mwaka jana pikipiki ilimgonga mbuzi wake wa Idi, naye akahangaika na kisu kigumu vilevile, kucha zikiteleza, hadi mbuzi akafa kibudu, kabla hajamchinja. Mbuzi mzima akafukiwa shambani, chini ya mikorosho.

Akachagua cha mpini wa plastiki, cha bei nafuu kuliko vyote, kilichofunguka kwa kidole gumba tu.

"Hicho butu, mzee."

"Kukinoa nina siku nzima," alisema Awadhi. "Mbuzi hakunipa hata dakika."