Kamba za Ng'ombe Kwenye Boti ya Baba

Nimeusikia tena ule mlio juzi, asubuhi, jua likiwa limeshashika mabati ya karakana yangu hapa mtaani Sakina. Paa! Mlio mkavu, mfupi, kama mtu aliyevunjia ukuni gotini. Mafundi magari wa jirani hawakugeuza hata shingo, maana barabara ya Nairobi ina kelele zake za kutosha. Mimi nilikaa chini palepale, juu ya kipande cha gogo, nyundo mkononi.

Usinicheke, rafiki yangu. Mimi si mtu wa kutishwa na mbao. Nina diploma ya ufundi wa vyombo vya majini. Niliisomea Dar es Salaam, mwanamke peke yangu darasani, na wanaume wote niliwaacha nyuma. Nimetengeneza boti Mwanza, nimetengeneza boti za matajiri Uarabuni, zile ambazo sakafu yake huruhusiwi kuikanyaga na viatu. Nimerudi na vifaa vyangu, nimejenga karakana kwa jasho langu, bila mjomba wala mfadhili. Na ndani ya karakana hiyo, mahali ambapo maji yaliyo karibu ni ya bomba, nimesimamisha boti. Wapita njia hawaishi kuniuliza, "Dada fundi, hiyo meli inakwenda Namanga?" Nawajibu, "Inakwenda, ila abiria wenye midomo hawapandi."

Boti yenyewe ni ya baba. Ni ya mbao, ina kibanda chenye madirisha manne na usukani wa duara, na siku mlio ule ulipotoka ilikuwa imefunikwa magunia yaliyolowa ili mbao zinywe maji. Ndiyo maana ikalia. Na ilipolia, sikuwa tena Sakina. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, nimeshika sufuria, katikati ya maji ya ziwa Duluti.

Sisi ni Wameru wa juu ya Tengeru, watu wa migomba na kahawa. Nikifumba macho nasikia harufu ya kahawa iliyolowekwa, tamu na chungu kidogo, na nasikia bibi akiita tukakate majani ya ng'ombe kabla umande haujakauka. Jioni tulikula loshoro, mahindi laini ndani ya maziwa ya mgando, kila mtu na kikombe chake. Bibi alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, na alikuwa pia mpishi wa pombe ya ndizi. Mwinjilisti alilijua pipa lake la pombe, lakini kila alipopita alikuwa anaangalia mlima.

Pipa hilo ulielewe vizuri. Lilikuwa la mbao, na likikaa bila kazi lilikauka mpaka ukaona mwanga kati ya ubao na ubao. Bibi hakuziba kitu. Alilijaza maji, likavuja siku nzima kama kikapu, na kesho yake lilikuwa kimya, halidondoshi hata tone. Kila nyumba ilifanya hivyo. Mtoto aliyekwenda kuchokonoa nyufa za pipa kavu kwa matambara alichapwa, kwa sababu pipa la namna hiyo likivimba hupasuka.

Chini yetu lilikuwepo ziwa, na ziwa hilo lilitutisha kuliko giza. Halina mto unaoingia wala unaotoka. Limekaa tu ndani ya shimo lake, miti imelizunguka, maji ya kijani yasiyosema kitu. Watoto tuliambiwa halina mwisho, kwamba anayezama Duluti haonekani tena, kwa sababu hakuna mchanga wa kumpokea. Bibi hata jina hakulitaja. Alisema "kule chini."

Ni kule chini ndiko boti ilikokuwa imelala, chini ya mikaratusi, imeachwa na mlowezi wa shamba la kahawa miaka mingi kabla sijazaliwa. Kuku walitagia kwenye kibanda chake. Msimamizi wa shamba alimwambia baba, "Fundi, ukiifufua ni yako." Alisema kwa mzaha. Baba hakucheka.

Baba alikuwa fundi seremala wa milango, viti vya kanisa na majeneza. Mkono wake ulijulikana mpaka Sekei, mjini. Kwa msimu mzima wa kiangazi alikwenda ziwani kila alipomaliza kazi, nami nikambebea chai kwenye chupa. Alikuta mbao zimekauka hadi vidole vinapita katikati. Akafanya kama fundi wa mlimani anavyofanya, maana mlango mzuri kwetu ni ule usioingiza upepo. Akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigonga ndani ya kila ufa, vikabana mpaka ukucha haupenyi. Akapiga rangi nyeupe. Jirani yetu mwenye mashine ya kusaga akafufua injini.

Watu wote wenye mapipa majumbani walikuja kuiona, rafiki yangu, na bibi alikuwemo. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Mbona mnaziba mbao kavu?" Pipa lilikuwa letu. Boti ilikuwa kitu cha Wazungu, na kitu cha Wazungu tulidhani kina sheria zake.

Wiki moja ilielea pembeni, imefungwa mtini, wala haikuingiza maji. Ilikuwa ikilia tu. Paa, kisha kimya kirefu, kisha paa. Nilipomuuliza baba alisema, "Mbao inajipanga." Usiku nililala nikisubiri mlio ambao nyumbani haukuweza kufika.

Siku ya kuvuka, bibi alitokea na mzigo wa kamba kichwani. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, akafungua kamba za katani shingoni mwa ng'ombe na mbuzi, akaziunganisha moja kwa nyingine mpaka zikawa kamba moja ndefu. Akaifunga kwenye pete ya nyuma ya boti kwa fundo lile la kumfungia dume mkorofi, ncha ya pili akabaki nayo mkononi. Vijana wakaanguka kwa kicheko.

"Bibi, leo boti italala zizini?"

"Ilale popote," alisema bila kugeuka. "Mradi mwanangu alale nyumbani."

Baba aliona aibu, lakini kwetu mama yako akikufunga kamba mbele ya watu hufungui. Alininong'oneza kwamba tungeifungua tukishafika mbali. Mwinjilisti aliibariki boti, na alipokaribishwa kupanda alisema, "Mimi nitawaombea nikiwa hapahapa pakavu." Tukapanda watatu, baba, jirani wa mashine kwenye injini, na mimi, kwa sababu nililia mpaka nikapewa sufuria nishike. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea.

Tukaondoka. Watu wakawa wadogo. Nilichungulia pembeni nikaona maji yamegeuka kutoka kijani kuwa meusi, nikajua kwamba chini yangu hakuna kitu. Halafu boti ikashtuka, ikasimama. Kamba ilikuwa imeisha. Ng'ambo ilikuwa bado mbali.

Baba alikwenda nyuma kufungua fundo. Katani ilikuwa imelowa na kujikaza, fundo limekuwa kama jiwe. Akaomba panga. Jirani akaanza kulitafuta chini ya kiti.

Paa!

Safari hii niliusikia mlio kwa nyayo zangu. Jirani akainua kichwa. "Fundi, hii inajipanga au inajipangua?" Ikafuata paa nyingine, na nyingine, mfululizo, kama mahindi kwenye kikaango. Mbao zilizokunywa wiki nzima hazikuwa na pa kuvimbia. Zilisukumana, zikavunja mbavu za boti, zikang'oa misumari. Ubao mmoja ulijitokeza nje karibu na mguu wangu, na maji yakaingia bila kelele, baridi kama ya kisimani.

"Chota!" baba alipiga kelele. "Chota, mwanangu, usitazame!"

Nilichota. Maji yalipanda kutoka kifundoni hadi gotini. Injini ikazimika. Nilimsikia baba akisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama. Mama." Akaiinua mikono kuwapungia walio ufukweni.

Kamba ikakaza. Bibi alikuwa hajaiacha mkononi. Mwinjilisti alikata sala katikati akashika nyuma yake, vijana waliocheka wakashika, akina mama wakatupa khanga wakashika, wakatuvuta kama wanavyomvuta ng'ombe aliyetumbukia korongoni, kwa pamoja, wakiguna. Tulifika maji yakiwa kifuani pangu. Bibi alilipapasa fundo, kisha akampiga baba kofi la mgongoni, kisha akamkumbatia.

Jioni hiyo ng'ombe wa mtaa mzima walilala bila kamba.

Miaka mingi baadaye, mwalimu wetu wa chuo alipouliza kwa nini nyufa za mbao kavu hazijazwi kwa nguvu, darasa zima liliangalia dari. Mimi nilinyoosha mkono nikaeleza pipa na mbavu mpaka akakaa kwenye kiti kunisikiliza. Ndiyo kazi niliyoifanya Sakina kwa boti hiyohiyo, niliyoifuata kule chini ya mikaratusi ilikorudishwa. Mbavu mpya, pamba laini kwenye nyufa, iliyoachiwa nafasi ya mbao kuvimba, na maji kidogokidogo. Mlio wa juzi niliutafuta kwa tochi mpaka nikauona: ubao ulikuwa umekaa tu mahali pake. Hakuna kilichovunjika. Hata hivyo sikuigusa nyundo tena hadi mchana.

Jumamosi tuliiteremsha Duluti. Baba alikuja na fimbo yake, na begani amebeba kamba mpya ya nailoni ya buluu aliyoinunua sokoni Tengeru. Nilimwambia, "Baba, hii haivuji. Mimi ndiye niliyeitengeneza. Panda nikupeleke ng'ambo." Akatikisa kichwa. Akaifunga kamba kwenye pete ya nyuma, kisha akasimama na ncha ya pili mkononi, akaangalia huku na huku.

Nilijua anamtafuta nani. Bibi hayupo. Jirani wa mashine alikufa. Kahawa imeng'olewa, viwanja vina mageti na mbwa, na ng'ombe wawili watatu waliobaki hawatoki bandani. Ufukweni walikuwepo vijana wa lori lililotuletea boti, wanapiga picha.

"Funga mtini, baba," nilisema.

"Mti hauvuti," alisema.

Akaizungusha kamba mikononi mwake, akakaa chini, akakita miguu kwenye mzizi. Niliwasha injini, nikaenda taratibu, masikio yangu yote yakiwa kwenye mbao. Maji yakawa meusi. Nilipohisi kamba imekaza, nilizima injini, nikaketi nyuma ya boti. Ng'ambo ilikuwa inaonekana vizuri tu, na fundo lilikuwa pale karibu na mkono wangu, nailoni isiyojikaza, ya kufunguliwa kwa kidole kimoja.

Sikuifungua. Nilitega sikio kwenye mbao, na boti haikulia. Kisha nyuma yangu, polepole, baba akaanza kuvuta.