Karatasi Niliyoikataa Kasulu

Mimi ni mtu wa hasira, na wanafunzi wangu wa Kitahana watakuthibitishia hilo bila kuombwa. Lakini siku niliyotakiwa kuwaka kwelikweli nilikaa kimya kama niliyemwagiwa maji. Habari yenyewe ni ya laptopu.

Nilikuwa nasoma shahada kwa masafa huku nafundisha. Mwaka wa mwisho unaandika ripoti ya utafiti, na ukichelewa kuiwasilisha unasubiri mwaka mzima. Nilishachoka kupanga foleni kwenye steshenari za Kibondo, nikingojea zamu ya kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi. Nikajibana, nikajibana tena, nikashuka Kasulu kununua ya kwangu.

Sikuuliza duka lipi ni zuri. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa muuzaji kwenye duka moja karibu na stendi, na huyo kwetu si binamu, ni mdogo wangu kabisa. Nimembeba mgongoni. Alipokuwa darasa la saba nilimkalisha jikoni nikamfundisha hesabu mpaka akafaulu, na vibao alikula. Ningekwenda kununua kwa nani tena?

Akaniletea laptopu kutoka stoo, ndani ya boksi lililobandikwa selotepu. Akaiwasha, ikawaka vizuri. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye asili ya Pangani, alikuwa amekaa kaunta. Akaniambia mashine ina waranti ya miezi mitatu, ila nikiongeza kidogo ataniandikia ya miaka miwili: ikifa yenyewe, napewa nyingine. Akavuta kitabu, akafungua kalamu, akasema nimgeuzie mashine aandike namba iliyoko chini.

Nikasita. Akili yangu ya ualimu ilisema lipa, unalijua vumbi la kwenu, unaujua umeme wa kwenu. Mkono ulishaingia kwenye mkoba. Hapo mdogo wangu akacheka, akanigeukia kwa Kiha ili mama asielewe. Alisema karatasi ni za wageni, mwene wacu haandikishwi. Kisha akamalizia kwa Kiswahili, kifua mbele:

"Dada, waranti ni mimi."

Asiyekulia kwetu hawezi kujua neno lile linavyofanya kazi. Mwene wacu ni mtu wa kwenu, wa damu. Mtu akishakuita hivyo mbele ya watu, nawe ukaendelea kudai karatasi, umemwita mwizi mbele ya bosi wake, na taarifa itafika kwa shangazi zake wote kabla wewe hujafika nyumbani. Nikaona haya. Niliona haya kwa kuwa nilikuwa hata nimeanza kufikiria. Mama wa dukani akanitazama juu ya miwani, akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Nikamjibu kwa maringo kabisa kwamba hapa nina ndugu. Akafunga kitabu chake.

Laptopu ilizima mwezi wa tano tangu niinunue, zikiwa zimebaki wiki mbili niwasilishe ripoti. Nilikuwa ofisini, saa nne asubuhi, katikati ya sura ya nne. Nikabonyeza, nikachomeka, nikaibembeleza kwa Kiswahili na kwa Kiha. Wapi. Kwenye flashi nilikuwa na sura mbili za mwanzo tu. Mahojiano ya wazazi wa Makere, niliyoyapata kwa kutembea vitongoji kwa miguu likizo nzima, yote yalikuwa humo ndani. Anayetaka kunisema kwamba sikuhifadhi anisamehe, nimeshajisema vya kutosha.

Nikampigia mdogo wangu. Alinipa pole nyingi, akalaumu umeme wa Kitahana, akaahidi kuja kuichukua Jumamosi. Jumamosi akasema yuko Manyovu, amefuata mzigo. Jumanne simu iliita mpaka ikakata. Jumatano nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda gari.

Dukani nilimkuta mama peke yake. Nikamweleza, nikitegemea ataniuliza karatasi iko wapi. Hakuniuliza. Aliigeuza mashine, akasoma namba. Kisha akavuta kitabu kingine, cha vitu vilivyorudishwa na wateja, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa mpaka kikasimama. Namba ilikuwa ileile, kwa mwandiko wake mwenyewe, miezi miwili kabla sijanunua: inazima yenyewe, irudi Dar. Aliyekabidhiwa kuipeleka kwenye basi alikuwa mdogo wangu. Hakuipeleka. Baadaye ilijulikana kwamba alimpa fundi wa mtaani akaiamsha, akaitia kwenye boksi la mpya, na ile mpya akaondoka nayo.

"Siku ile ningeandika hii namba," mama akasema, "ningeijua palepale."

Kumbe! Mimi nilidhani mdogo wangu analinda undugu, kumbe analinda namba. Nikakaa kwenye benchi lake.

Akaingia mdogo wangu, mabegani ana mizigo. Akaiona laptopu imelala kifudifudi juu ya kaunta, kitabu kiko wazi pembeni, akaishusha ile mizigo polepole. Nilikuwa nimeandaa matusi kuanzia Kibondo mpaka Kasulu. Yote yaliniruka. Nilimuuliza swali moja tu, kwamba duka hili linaingia watu siku nzima, kwa nini mimi?

Angedanganya ningepata nafuu. Alijibu kwa Kiswahili, mama akisikia.

"Mgeni angenipeleka polisi, dada. Wewe nilijua utanisamehe."

Mama akanisogezea karatasi na kalamu. Akasema niandike maelezo, yeye mwenyewe atafuatana nami kituoni, leo hii. Nilimtazama mdogo wangu. Nilimchukia, nasema wazi, sijawahi kumchukia mtu vile. Nikauona mwaka wangu umekwenda, nikawaona wale wazazi wa Makere nitakaorudi kuwagongea mlango na maswali yaleyale. Nikamwona pia mama mdogo, anafungua geti, ananiona nimekuja na habari ya mwanawe kuwekwa ndani. Kalamu niliishika. Niliandika jina langu na tarehe, na baada ya hapo mkono haukusogea tena.

Nikairudisha karatasi. Mdogo wangu akashusha pumzi, nikaisikia kutoka pale nilipokaa. Alikuwa amewatazama wateja wote wa Kasulu, akachagua mmoja, na hakukosea.