Swichi Moja, na Zuhura Kiti cha Nyuma

Wallahi leo nusura niliache gari katikati ya barabara!

Mume wangu alikuwa akinifunza gari lake jipya la kutoka Dubai. Taa, honi, waipa, vyote viko kwenye swichi moja kando ya usukani.

Pale Kuze tukampa lifti jirani yetu Zuhura. Akaketi nyuma. "Mashaallah! Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kulipanda gari hili."

Karibu na Marikiti mvua ikamwagika.
Nikavuta swichi, taa zikawaka.
Nikabonyeza, honi ikalia, wachukuzi wakanitukana.

Kabla mume wangu hajafungua mdomo, Zuhura akasema kwa upole:
"Ivute kwanza, shoga, kisha izungushe."

Mimi mwenye mume sijui, yeye ajua!

Waipa ikafuta kioo. Nikaona mbele vizuri, na nyuma pia.

Nyinyi mngemshusha nani kwanza?