Chujio Nililolifua

Kuna aibu ambazo mtu husimulia ili acheke na wenzake. Hii yangu niliisimulia kwanza kwa kuta za nyumba yangu, kwa kuwa ndizo zinazonisikiliza siku hizi.

Binti yangu Nyambura hufanya utafiti ng'ambo. Hutandaza grafini, yaani kaboni nyembamba mno, juu ya kitambaa cheupe, kisha hupitisha maji ya chumvi, nayo lithiamu (madini ya betri za simu) hupenya huku chumvi nyingine zikizuiliwa. Alipokuja likizo hapa Endarasha aliniachia kipande kimoja, kidogo kama kifuniko cha soda.

"Hiki ndicho cha kwanza kilichokubali kufanya kazi, Baba. Nitunzie."

Nikakiweka rafuni, kando ya picha ya marehemu mama yake.

Tangu mama yake afariki, jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa ikiiruka nyumba yangu katika zamu za sala, wala siwalaumu (nani apendaye kunywa chai huku nikimkemea kwa sababu ya kola chafu?), kwa hiyo Mama Muthoni, mwenyekiti wetu, aliponiambia kwamba Jumamosi wangekuja kwangu, nilipiga deki, nikachemsha nduma za kula na chai, nikaona pia niwaonyeshe kazi ya Nyambura ili wapate sababu ya kukaa. Nilipokishusha kile kipande, upande mmoja ulikuwa mweusi tititi. Masizi ya jiko, nikajiambia, na mimi, mwalimu niliyewarudisha watoto wa watu nyumbani wakaoge kwa uchafu mdogo kuliko huo, nikachukua sabuni ya kipande na brashi ya kola, nikasugua mpaka kikang'aa.

Wageni wakakipokezana, nami nikahutubu mpaka chai ikapoa.

"Sasa Mwalimu, hii si ni kitambaa tu?" akauliza Mama Muthoni.

Nikampigia Nyambura kwa video, nikaiegemeza simu kwenye birika ili wote wamwone.

"Geuza, Baba. Waonyeshe ule upande mweusi."

"Ule mweusi nimeufua."

Akasogeza uso mpaka ukajaa kioo cha simu.

"Umeufua na nini?"

"Sabuni."

"Baba, ile nyeusi ndiyo grafini."

"Ai, Mwalimu," Mama Muthoni akasema taratibu, "hata sayansi umeirudisha nyumbani ikaoge?"

Walicheka mpaka machozi. Nilitamani kucheka nao, lakini uso wangu haujazoea. Walipoondoka nilisikia kicheko chao kikiteremka hadi barabarani, na nyumba ikawa kimya tena. Nyambura alikuwa bado kwenye simu.

"Wameenda?"

"Wameenda."

"Na wewe umekula, Baba?"

Nikajivutia sahani ya nduma zilizobaki.

Kipande kiko rafuni, cheupe pe. Nimeapa kutosugua doa lolote kabla ya kuuliza ni la nini. Juzi nilikutana sokoni na Mama Muthoni, kola yake ina doa la chai. Nililiona, nikalipita, nikamuuliza zamu yangu inarudi lini.

Akasema ataangalia.