Utelezi wa Kijani wa Baba Mbuyi

Siku ile ingali machoni pangu, mwanangu. Nilitoka sokoni nikamukuta mume wangu, Baba Mbuyi, juu ya bati la nyumba yetu ya Katuba. Muzee wa nywele nyeupe, anaanika utelezi wa kijani wa bwawa sawa vile bantu ba Pweto banaanika samaki!

Mambo yalianzia kwa tension, ile damu yake inayopanda. Munganga alimupa comprimés, vidonge vya kumeza kila asubuhi. Halafu binti yetu akamuletea kopo ya spiruline, ule unga wa kijani unaotoka mu majani madogo ya maji. Munganga hakukataa. Alisema inaweza kusaidia mishipa ya damu ilegee, ila ale kidogo tu, na comprimés zisiachwe. Baba Mbuyi alisikia "mishipa ilegee." Mengine yalipita na upepo.

Kopo ikaisha. Kununua ingine, akakataa. "Majani ya maji? Si yanajaa bure mu mabwawa ya samaki kule Kipopo?" Akaenda na ndoo, akateka ule utelezi. Akakausha, akatwanga mu kinu, akachanganya mu bukari, ule ugali wetu. Bukari ya kijani, mwanangu! Miye nilikula mukate. Comprimés akazitia chini ya muto, eti amepona.

Yaya yake, ni kusema dada yake mukubwa, tantine Kabedi, mwanamuke asiyeogopa muntu, akaja kutusalimia. Akamukuta ameegemea ukuta, kichwa kinamuzunguka, meno ya kijani, na bado anajisifu.

"Yaya, mishipa yangu iko wazi sawa barabara ya Kasumbalesa!"

"Ya Kasumbalesa? Siku gani uliiona bila foleni ya malori, weye?"

"Lakini yaya..."

"Funga kinywa, kinanuka bwawa! Na weye, bibi yake, unangoja nini? Tukuvalishe nguo ya ujane? Simameni, twende!"

Ku dispensaire, ile zahanati yetu, munganga akamufunga mukanda wa kupimia tension, akaangalia. Akapima tena. Munganga akipima mara mbili, mwanangu, ogopa.

"Papa, ulibakisha kidogo tu mushipa wa kichwa upasuke."

Akatueleza: spiruline ya kweli inalimwa mu maji safi, lakini utelezi wa bwawa unaweza kubeba sumu ya kuharibu maini. Na hata ile nzuri ni chakula, haiwezi kushika kazi ya comprimés. Baba Mbuyi akameza comprimé aliyopewa pale pale, tantine amesimama mbele yake, sawa mutoto. Anazimeza mpaka leo.

Sisemi spiruline ni mbaya, mwanangu. Ukiitaka, uliza munganga kwanza, nunua iliyofungwa vizuri, kula kidogo. Lakini dawa usiiache juu ya kujisikia muzuri. Unajisikia muzuri juu ya hiyo dawa! Na muntu akikufokea, angalia kwanza kama si juu ya kukupenda, kabla ya kununa.

Mungu alainishe mishipa yako, aupe moyo wako mwendo wa taratibu, uzeeke mpaka wajukuu wachoke kukubeba.